Usukani Ukilegea
Maneno ya fundi kwa kamati za parokia

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa fundi wetu wa baiskeli za walemavu mbele ya wanakamati wa parokia waliokutana Natta, Wilaya ya Serengeti. Tumeyafupisha kidogo.)

 

Nimeombwa niseme juu ya matengenezo ya baiskeli za magurudumu matatu, zile zinazoendeshwa kwa mikono. Nitasema juu ya usukani peke yake. Tairi na cheni mtaniwia radhi, tutaziongea siku nyingine. Tairi likipasuka, mtu anasimama. Cheni ikikatika, anasimama. Usukani ukiachia hasimami. Anaendelea kwenda, ila haamui tena anakokwenda.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kulikuwa na binti wa darasa la sita aliyepata baiskeli iliyokwisha kutumika, msaada kutoka ng'ambo. Mama yake alinijia akasema, "Fundi, hii kitu inagonga mbele." Nikaitazama, nikapaka grisi, nikakaza nati kwa nguvu, nikamwambia, "Mama, nenda salama." Sikuifungua. Wiki mbili baadaye, mvua za kwanza zimeshanyesha, binti akiteremka kuelekea kalavati, nati ile ikalegea na gurudumu la mbele likakaa kingamakingama. Akaangukia mkono, kiwiko kikavunjika. Kwa mtoto ambaye miguu yake haitembei, ndugu zangu, mkono ni mkono na mguu pia. Alikaa nyumbani muhula mzima.

Ndiyo sababu sasa nafungua kila moja.

Kwa wasioijua mashine hii: iliyo nyingi kwetu ina pedeli za mikono mbele ya kifua, na cheni inashuka hadi gurudumu la mbele. Mikono inayosukuma ndiyo inayoongoza. Kila msukumo unavuta usukani kidogo kushoto, kidogo kulia. Kwa hiyo gololi za shingoni huchakaa upesi kuliko za baiskeli ya kawaida, na zikilegea, gurudumu huyumba kwa kila msukumo. Mwenye baiskeli ya kawaida atateremsha mguu. Huyu hana mguu wa kuteremsha.

Namna ya kupima ni rahisi, hata katibu anaweza. Inua mbele gurudumu lisiguse ardhi, geuza usukani polepole toka kushoto hadi kulia. Ukisikia kama mchanga, gololi zimekauka au zimevunjika. Ukinasa katikati, pale gurudumu linapotazama mbele, vikombe vimechimbika. Gololi zimejitengenezea vijishimo na zinapenda kukaa humo. Kisha teremsha, zuia gurudumu kwa mguu, weka kidole pale shingo inapoingia kwenye fremu, sukuma mashine mbele na nyuma. Kidole kikisikia mgongano, pamelegea.

Kulegea kwenyewe si ugonjwa mkubwa. Fungua nati ya juu, kaza kikombe mpaka mgongano uishe lakini usukani uzunguke wenyewe kwa uzito wake, kisha funga nati ya juu ukiwa umeshika kikombe kisizunguke. Hapo ndipo nilipokosea mimi: nilikaza nati, kikombe hakikuwa mahali pake. Kama vikombe vimechimbika, usihangaike na grisi. Badilisha seti nzima, vikombe vyote na gololi zote. Usichanganye gololi mpya na za zamani, maana zile kubwa kidogo ndizo zitakazobeba mzigo wote. Bei ya seti haifikii nauli ya kwenda Musoma na kurudi.

Foki ni jambo jingine. Futa matope, tazama pale miguu ya foki inapokutana na shingo. Ukiona mstari mwembamba wa kutu chini ya rangi, huo ni ufa. Shingo ya foki iliyopasuka haichomelewi. Najua mafundi wetu ni hodari wa kuchomelea, lakini moto hudhoofisha chuma cha pembeni, itakatika tena jirani na palepale. Tafuta foki nyingine.

Sasa zile za ng'ambo. Baadhi huja na beringi za vipimo ambavyo hata Mwanza utazunguka nazo maduka yote. Tumeshaona mashine nzuri, rangi inang'aa, imekaa stoo ya parokia kwa sababu ya beringi moja. Kwa hizo nashauri kubadilisha sehemu yote ya mbele: bomba la shingo kutoka fremu ya Phoenix iliyokufa, pamoja na foki yake na vikombe vyake, kazi ifanywe na mchomeleaji anayeaminika. Kabla ya kukata, chonga ubao mwembamba ufuate mlalo wa shingo ya zamani. Bomba jipya lilale vilevile. Likisimama zaidi, usukani utakuwa mwepesi mno na kutetereka mteremkoni. Likilala zaidi, utakuwa mzito na gurudumu litapenda kuanguka upande. Mikono ya mtoto haiwezi kupigana na hilo kilometa tatu, tena kwenye udongo wetu mweusi wa mbuga.

Wahisani, kwenu nina ombi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya magurudumu kwa nchi zenye uwezo mdogo mwaka 2008, na humo matengenezo na ufuatiliaji vimehesabiwa kuwa sehemu ya huduma yenyewe. Moshi kuna chuo cha TATCOT pale KCMC, kimefundisha mafundi wa viti hivyo kutoka nchi nyingi za Afrika. Ujuzi upo. Kinachokosekana mara nyingi ni seti ya vikombe ya akiba na posho ya fundi kupita kila baada ya miezi mitatu. Kama mna fedha za baiskeli kumi, leteni nane, na zinazobaki ziwe za vipuri. Najua nane hazipendezi kwenye picha kama kumi.

Na kamati: mkipokea mashine, msiigawe siku hiyohiyo mbele ya wageni. Ipimwe kwanza. Mzazi akisema inagonga, asiambiwe avumilie.

Yule binti alirudi shuleni. Foki mpya niliigharimia mimi, na kila akinipita ananitania, "Fundi, umefungua au umepaka grisi?"

Hizo mbili zilizo chini ya mti nitazifungua baada ya chai. Njooni na spana na beseni la kupokelea gololi, maana zikidondoka kwenye vumbi hili hatutaziona tena.