Kumbukumbu Isiyotiwa Kufuli

(Hotuba iliyotolewa mbele ya viongozi wa vyama wanachama katika semina ya elimu ya ushirika)



Nimetakiwa niseme machache juu ya ombi lililoletwa na chama chetu kimoja cha kando ya ziwa. Chama hicho kinataka kujenga mnara wa kuwakumbuka wanachama wake waliozama majini katika miaka mbalimbali, wengine wakiwa safarini, wengine wakivua. Baadhi yao hawakuonekana tena. Jamaa zao hawana kaburi la kupalilia, wala mahali pa kukaa kitako wakamwombea marehemu wao. Jambo hili si dogo.

Nimesikia pia maneno ya wapinzani wa ombi hili: “Ghala linavuja, nasi tukajenge mnara?” Aliyesema hivyo hakukosea. Fedha ya ushirika ni jasho la mkulima, na haifai kumwagwa katika pambo. Lakini huenda swali letu limewekwa vibaya. Tusiulize kama tujenge au tusijenge; tuulize kwanza tunajenga kitu gani.

Sina budi kuungama kosa langu. Miaka mingi iliyopita, katika chama nilichokitumikia, nilikuwa katika kamati iliyosimamisha nguzo ya saruji ya kuwakumbuka waasisi. Tuliizungushia uzio, tukatia kufuli langoni, kisha tukafanya sherehe. Tulidhani kwamba kuwazuia watu wasiisogelee ndiko kuiheshimu. Haikupita misimu miwili, ufunguo haukujulikana ulipo, nyasi zikafika kiunoni, na maandishi yaliyopakwa kwa rangi yakafutwa na mvua. Mzee mmoja ambaye jina la baba yake lilikuwa pale aliniuliza, “Katibu, baba yangu mmemkumbuka au mmemfunga?” Sikuwa na jibu.

Ndugu wajumbe, wako waliotutangulia katika kazi hii, nasi tunaweza kujifunza kwao. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, wakauawa watu zaidi ya 200. Mahali hapo hapakujengwa tena jengo la ofisi. Palifanywa bustani, ikafunguliwa mwaka 2001, yenye miti, viti, na ukuta ulioandikwa majina ya waliokufa. Aliyefiwa huja kulitazama jina la mtu wake, na mfanyakazi wa mjini huja kupumzika kivulini. Huyu hamkeri yule. Bali huyu aliyekuja kupumzika huliona jina ambalo pengine asingelisoma maisha yake yote. Hata hivyo, kwa miaka mingi palitozwa kiingilio. Ada ilikuwa ndogo, nayo ilisaidia matunzo, lakini hata lango la ada ndogo humrudisha asiye nayo. Sisi tutafute njia nyingine ya kulipia matunzo.

Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni waliosimama katika Vita vya Maji Maji. Leo pana makumbusho na masanamu ya mashujaa, lakini kinachopatia mahali pale uhai ni watu wanaokusanyika kila mwaka mwezi wa Februari. Jiwe peke yake halikumbuki kitu. Hukumbuka watu wanaolizunguka.

Na juu ya kuandika majina, uko mfano wa mbali, nao ni kumbukumbu ya askari wa Marekani waliokufa katika vita vya Vietnam, iliyojengwa Washington mwaka 1982. Majina yake zaidi ya 58,000 hayakupangwa kwa alfabeti wala kwa vyeo, bali kwa tarehe walizopatwa na mauti. Waliokufa pamoja wakabaki pamoja. Kwetu pia, waliokuwa katika mtumbwi mmoja wasitenganishwe ukutani, na mwenyekiti wa zamani asiandikwe kwa herufi kubwa kuliko kibarua. Maji hayakuwabagua.

Sasa nitoe pendekezo. Wakati wa msimu, wanachama wa chama hicho hufika na pamba tangu alfajiri, wakangoja mizani juani, akina mama wakiwa na watoto mgongoni. Basi kumbukumbu na ijengwe hapohapo, ubavuni mwa ghala, iwe banda la wazi lenye paa la bati, na baraza ya kukalia pande tatu, kama baraza za nyumba zetu. Upande wa nne uachwe wazi kuelekea ziwani. Majina yachongwe katika jiwe, yasipakwe rangi, tena yawekwe kwa kimo ambacho aliyeketi ataweza kuyasoma na mtoto kuyagusa. Pabakizwe nafasi tupu, maana ziwa bado lipo na safari zinaendelea. Maji ya paa yakusanywe katika tangi. Mlango uwe mpana, bila ngazi, ili mzee wa mkongojo asizuiwe. Na nyuma ya banda, mbali kidogo na kelele za mizani, pawe na mti na kiti kimoja kwa ajili ya yule anayetaka kulia peke yake.

Mahali hapo ndipo mkutano mkuu wa mwaka ufanyike. Kabla ya kusoma hesabu, majina yasomwe kwanza. Nadhani mweka hazina atakayesoma mahesabu yake mbele ya majina hayo atafikiri mara mbili kabla ya kuongeza sifuri.

Fedha je? Mchanga, mawe na nguvu za mikono wanachama wenyewe wanaweza kuvitoa. Bati, saruji na mchongaji ndivyo vitakavyohitaji fedha taslimu, nazo zipitishwe na mkutano mkuu wa chama, si na kamati peke yake. Bati la ghala linunuliwe pamoja na bati la banda, kwa agizo moja. Matunzo yawekewe fungu katika makisio ya kila mwaka, hata likiwa dogo, na wateuliwe wanachama watatu wa kuyasimamia, mmoja wao akiwa mjane au yatima wa waliozama. Kuhusu majina, familia ziulizwe kwanza. Asiyetaka jina la mtu wake liandikwe, asilazimishwe.

Ndugu wajumbe, wengi wa hawa walikufa wakiwa na hisa katika vyama vyetu. Tuliwarithisha watoto wao hisa hizo, tukafunga daftari. Lakini mwanachama si mstari katika daftari. Naomba ombi hili lirudishwe kwa chama husika, si kwa kukataliwa, bali likachorwe upya, lije likiwa na banda, na baraza, na lisilo na kufuli.