Furaha ya Mtoaji

Hotuba ya karani wa chama mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Niliagizwa nieleze kwa nini michango yetu imepungua. Nimekipitia kitabu cha stakabadhi, wala sikuona kwamba wanachama wamekuwa maskini kuliko zamani. Sababu, kwa maoni yangu, ni namna tunavyochangisha.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichunguza jambo la kutoa. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn na wenzake walieleza jaribio lililofanywa Kanada. Watu walipewa asubuhi dola 5 au dola 20. Baadhi waliambiwa wajinunulie watakacho, wengine wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine. Jioni, waliowatendea wengine ndio waliokuwa na furaha zaidi, na wenye dola 20 hawakuwapita wenye dola 5. Mwaka 2013 Lara Aknin na wenzake walitangaza uchunguzi uliofika hata kwa jirani zetu wa Uganda, nako wakaona vivyo hivyo. Basi furaha hii si mali ya matajiri. Wazee walikwisha kutuambia: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Lakini si kila shilingi itolewayo huleta furaha. Wengi wenu mwakumbuka tarehe 21 Septemba 2013, siku ya Jumamosi, jengo la Westgate huko Westlands liliposhambuliwa, na watu 67 wakauawa. Siku zilizofuata wakazi wa mji walimiminika Uhuru Park kutoa damu, nami nilikuwamo. Mbele yangu alisimama mchuuzi wa mitumba, na nyuma yangu bwana mmoja wa ofisini. Hakuna aliyetangazwa jina, na mfuko wa damu wa mchuuzi haukuwa mdogo kuliko wa bwana. Nilipanda basi kurudi Kangemi, pamba ingali mkononi, na moyo wangu ukatulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

Sasa linganisheni na desturi yetu. Sisi husoma majina na kiasi kwa sauti, kuanzia kikubwa. Mwaka huu mama mmoja, mfua nguo, alitoa shilingi 50. Jina lake likasomwa mwisho kabisa, na watu wakacheka. Tangu siku hiyo hajaonekana tena. Aliyelisoma jina lile ni mimi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, kiasi cha kila mtu kiandikwe kitabuni na mkaguzi akione, lakini kisisomwe hadharani. Pili, kila aliyechanga aelezwe fedha zimefanya kazi gani, kama ni karo, dawa au mazishi, bila kumtaja aliyesaidiwa, maana naye ana heshima yake.

Sisemi tutoe ili kujifurahisha. Mwenye njaa hashibi kwa furaha yetu. Nasema kwamba aliyetoa kwa hiari hurudi kutoa tena, na aliyeaibishwa hukaa kwake. Kesho nitakwenda kwa mama yule kumwomba radhi. Naomba nisiende mikono mitupu, bali niende na uamuzi wenu.