Umbali na Kazi ya Muuguzi: Kutoka Liuli hadi Mbinga

Mwaka 1899 karakana ya Alley & McLellan mjini Glasgow iliunda meli ambayo haikukusudiwa kuelea huko. Ilifumuliwa vipande zaidi ya elfu tatu, ikavushwa bahari, ikapandishwa mito, na boila lake likavutwa nchi kavu na Wangoni wapatao 450. Mwaka 1901 ilishushwa majini kusini mwa Ziwa Nyasa kwa jina la Chauncy Maples, askofu aliyezama humohumo ziwani 1895. Wenye meli walikuwa wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, waliofanya makao kisiwani Likoma tangu 1885. Walitaka chombo kimoja kiwe kanisa, shule na hospitali.

Kwa vijiji vingi vya mwambao wa mashariki, basi, dawa ya hospitali ilianza kama kitu kinachotia nanga na kung'oa nanga. Aliyeugua meli ikiwa ng'ambo alibaki na bibi yake na majani ya bibi yake.

Mhadhara huu una dai moja. Mipaka ya kazi ya muuguzi na mkunga huandikwa katika mitaala na sheria, lakini mchoraji wake mkuu ni umbali uliopo kati ya kitanda cha mgonjwa na mtu mwenye ujuzi zaidi. Umbali huo ukibadilika, muuguzi yuleyule mwenye cheti kilekile hujikuta akifanya kazi nyingine kabisa.

Mbinga, mkoani Ruvuma, panafaa kulipimia dai hilo. Maji ya ziwa yako chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na milima ya Wamatengo, yenye mashamba ya mashimo yaitwayo ngoro na mibuni, inapita mita 1,500. Kati yake ni mteremko unaochosha hata mwenye afya. Juu, Litembo, ipo hospitali ya Wakatoliki. Chini, Liuli, ipo ya Waanglikana, ya Mtakatifu Anna. Mmatengo wa mlimani na Mnyasa wa ufukweni walihesabiwa wilaya moja mpaka Nyasa ilipogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kwa mama mwenye uchungu wa uzazi, hata hivyo, hizo zilikuwa nchi mbili.

Watu wa kwanza wa huku kuvaa sare ya tiba walikuwa wanaume. Mwaka 1926 serikali ya Waingereza, chini ya mkurugenzi wake wa tiba John Shircore, ilianzisha mpango wa madresa waliofanya kazi chini ya tawala za wenyeji. Dresa alisafisha vidonda, akafunga bandeji, akagawa dawa chache. Zama hizo sindano za buba ndizo zilizowavuta watu kwa wingi, maana kidonda kilikauka mbele ya macho ya kijiji kizima. Heshima ambayo sindano inayo mpaka leo, hata pale kidonge kinapotosheleza, ina mizizi humo. Shule zilikuwa zimewapokea wavulana kabla ya wasichana, kwa hiyo udresa ukawa wa wanaume, na uzazi ukabaki nyumbani mikononi mwa wakunga wazee. Dresa hakuingia chumba cha kuzalia. Mkunga hakuingia zahanati. Kazi iligawanywa na jinsia na umri kabla haijagawanywa na cheti.

Wanawake walipoingia mafunzoni kwa wingi, hasa kuanzia miaka ya 1950, mpaka huo ulianza kubomoka. Uhuru uliharakisha mabadiliko ya mipaka ya kazi, kwa sababu ya uhaba. Tanganyika ya 1961 inatajwa kuwa na madaktari wazalendo 12 tu, na nchi isingeweza kuwasubiri wengine wasomeshwe miaka saba ndipo mama apasuliwe. Mwaka 1963 yakaanza mafunzo ya madaktari wasaidizi, watu waliotoka miongoni mwa matabibu wenye uzoefu na kufundishwa, pamoja na mengine, upasuaji wa uzazi. Wakubwa wa taaluma, ndani na nje ya nchi, waliwatazama kwa jicho la pembeni. Uchunguzi uliofanyika katika hospitali za Mwanza na Kigoma, ukachapishwa 2009, haukuona tofauti ya maana kati ya matokeo ya upasuaji wao na ya madaktari wenye shahada. Umbali ulikuwa umezaa kada nzima, na kada hiyo ilifanya kazi yake vizuri.

Kisha ikaja 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi wakisikiliza redio na kujadili maji, vyoo na malaria. Kampeni kama ile ilimtaka mhudumu wa afya awe pia mwalimu, hodari wa kuzungumza barazani, na si kila aliyesomea kuchoma sindano aliyaweza hayo.

Fedha nayo ilikuja kuongeza umbali wa namna nyingine. Mwaka 1993 serikali ilianza kuchangisha huduma katika hospitali zake, na miaka michache baadaye bei ya kahawa duniani ikaporomoka hadi kufika chini kabisa mwaka 2001. Mkulima wa Mbinga hushika fedha baada ya mavuno, mara moja kwa mwaka. Mvuvi wa Mbamba Bay, ufukweni, hushika kidogo kila alfajiri, upepo ukimruhusu. Mfuko wa Afya ya Jamii, uliowekewa sheria 2001 na baada ya maboresho kutoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ulielewana zaidi na kalenda ya mkulima kuliko ya mvuvi. Muuguzi ndiye aliyesimama mlangoni kulieleza jambo hilo: nani ana kadi, nani kadi yake imekwisha muda, dawa gani haipo. Ukarani umeingia katika uuguzi, na hakuna dalili kwamba utatoka.

Sasa lami imeshuka mlimani, kiasi cha kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay. Mfumo wa m-mama, kwa namba 115 isiyotozwa, humwitia mama au mtoto mchanga gari la wagonjwa, na lisipokuwepo humtafutia dereva wa kawaida aliyesajiliwa. Kitaifa, wanaojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 katika utafiti wa 2015–16 hadi 81 mwaka 2022, na makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yakashuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Mkunga wa jadi, aliyepewa mafunzo na vifaa miaka ya themanini, leo anatakiwa amsindikize mama kituoni. Kwa bibi aliyepokea watoto wa nusu ya kijiji, hilo ni punguzo kubwa la hadhi, na halikuombewa radhi.

Punguzo kama hilo linamnyemelea muuguzi pia. Zahanati isiyo na barabara ilimlazimisha kuamua mwenyewe: mtoto aliyetanguliza matako, kondo lililokwama, damu isiyokatika. Barabara ikifika, rufaa inakuwa rahisi, na lawama kwa asiyetoa rufaa inakuwa rahisi vilevile. Atapiga simu mapema, na mara nyingi atakuwa sahihi. Lakini mkono usiotumika husahau, na masika ya Ruvuma bado yanakata njia za vijiji ambavyo lami haijavifikia, kama vile mawimbi yanavyozuia boti.

Mzigo mwingine uliongezeka Januari 2024, ulipozinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga watu zaidi ya 137,000 nchi nzima. Wanapita nyumba kwa nyumba, na anayewasimamia ni mtumishi wa zahanati. Muuguzi wa mwambao sasa anahitaji mambo mawili ambayo ratiba ya vyuo huyafundisha kwa nadra pamoja: kuongoza kikosi cha watu asiowalipa, na kurudishwa mara kwa mara katika wodi yenye uzazi mwingi, Litembo au Liuli, azalishe kwa wiki kadhaa chini ya jicho la mkunga mzoefu. Gharama ya hilo ni nauli, posho na mtu wa kumshikia zamu, na bajeti za halmashauri za Mbinga na Nyasa ndizo mahali pa kuipangia.