Kibali cha Ujenzi na Mgonjwa Asiye na Pa Kurudi



Mimi ni muuguzi, si mwanasiasa. Lakini siasa za nyumba nakutana nazo wodini. Mama mmoja wa kwetu alipona, akaogopa kuruhusiwa. Alikuwa akilala sebuleni kwa jamaa, na mwenye nyumba keshawaambia wahame. Aliona aibu kusema.

Tangu Oktoba 2018 hospitali za England zinatakiwa kisheria, mgonjwa akikubali, kupeleka jina lake halmashauri. Sheria ya 2017 inamhesabu hata anayeelekea kukosa makazi ndani ya siku 56. Msingoje mizigo itupwe nje! Ila mgeni kwanza aulize kama hati yake ya ukaazi inamruhusu.

Lakini halmashauri itampeleka wapi bila nyumba? Hapo ndipo penye kibali cha ujenzi. Sheria ya 1990 inaiwezesha halmashauri kumpa mjenzi sharti la kutoa nyumba za bei nafuu. Mara nyingi mjenzi hurudi akilia hasara, idadi ikapunguzwa. Sisi tuko wapi? Maombi hutangazwa, na kwa kawaida kuna siku 21 za kutoa maoni. Huulizwi pasipoti.

Tunakesha tukibishana juu ya Muungano na Katiba, na ni haki yetu. Ila diwani wa mtaa tunaolala hatumjui.

Jina la mama yule nililipeleka. Akapata chumba cha muda. Nyumba bado anaisubiri.