Nani Anatuandikia Kesho? Tamthilia ya Sayansi kwa Kiswahili na kwa Mifuko Yetu

Maneno haya niliyasema kwenye kikao cha Waswahili hapa Reading, Uingereza. Waliokosa kufika waliniomba niyaandike, nami nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mimi ni nesi, nafanya kazi wodini, na wengi hapa mnanijua kwa habari za presha na sukari, si kwa habari za filamu. Leo nina hoja nyingine. Naomba tutengeneze tamthilia ya sayansi ya kubuni, kwa Kiswahili, kwa fedha zetu wenyewe, tuitoe bure kwenye intaneti, na haki zake zibaki mikononi mwetu. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote.

Kabla ya kikao mzee wetu mmoja aliniuliza: "Mwanangu, nyumbani watu hawana maji ya bomba, ninyi mnataka kucheza na vyombo vya angani?" Shikamoo mzee, swali ni la haki kabisa. Jibu langu ni hili. Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza filamu fupi, ya dakika kama ishirini hivi, akaiita Pumzi. Inahusu nini? Inahusu maji. Dunia imekwisha pigana vita vya maji, watu wamefungiwa ndani, jasho na mkojo wao vinasafishwa wanywe tena, na mwanamke mmoja anapata udongo ambao bado una uhai. Mwaka 2010 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance kule Marekani. Basi mzee, anayekosa maji leo ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuuliza maji ya kesho yatakuwa ya nani. Hadithi za namna hii si za vyombo vya angani tu. Ni siasa iliyosogezwa mbele miaka hamsini ili tuweze kuitazama bila kugombana.

Mwaka 2013 Nairobi ilitoa trela ya tamthilia iitwayo Usoni, kazi ya mwalimu Marc Rigaudis na wanafunzi wa chuo kikuu cha USIU. Humo jua limeziba Ulaya, na Wazungu ndio wanaohangaika kukimbilia Afrika. Sisi tuliokesha tukijaza fomu za viza, tukapigwa picha za mapafu kabla ya kuruhusiwa kuja, tunaielewa hadithi hiyo bila mkalimani!

Sasa ugomvi wangu uko wapi? Uko kwenye umiliki. Mwaka 2023 zilitoka filamu fupi kumi za katuni za wasanii wa Afrika, zikaitwa Kizazi Moto. Siwalaumu wasanii hata kidogo, kazi ni nzuri na wamejitangaza. Lakini jina ni letu na duka ni la Disney. Mwenye duka akiamua kesho kuiondoa bidhaa rafuni, mtazamaji hana pa kushtakia. Nyumbani nako tunakumbuka enzi za kanda na sidii, msambazaji alipokuwa akinunua filamu kwa bei ya mara moja pamoja na haki zote, na msanii anayejulikana nchi nzima akaendelea kupanda daladala.

Mtasema, kujitegemea ni maneno matamu, je, inawezekana? Imekwisha wezekana. Mwaka 2010 Wamarekani wawili, Josh Bernhard na Bracey Smith, walichangisha dola 6,000 kwa watu wa kawaida, wakatengeneza sehemu ya kwanza ya tamthilia iitwayo Pioneer One. Waliitoa bure, wakaruhusu watu kuinakili na kupeana, mradi wasiiuze. Waliopenda wakatuma michango, na kwa michango hiyo zikatoka sehemu sita hadi mwaka 2011. Hadithi yenyewe inasemaje? Chombo kinaanguka kutoka angani, ndani yake yumo kijana anayezungumza Kirusi, na inasemekana alizaliwa sayari ya Mars. Vyombo vya usalama vinamweka ndani na kumhoji. Tazameni ujanja wao. Chombo cha angani huonekani sana, sehemu kubwa ni watu wamo ofisini wakibishana: huyu ni nani, ametoka wapi, ana karatasi gani, tumfanye nini. Yaani ni mgeni mbele ya afisa wa uhamiaji! Nani kati yetu hawezi kuiandika hiyo? Ni kweli baada ya sehemu sita iliishia hapo, maana michango ina kikomo. Kwa hiyo sisi tupange hadithi inayokwisha, tusiwaache watazamaji njiani.

Anayehofia lugha naye ana mfano wake. Finland ina watu wapatao milioni tano na nusu. Vijana wa mji wa Tampere walichukua miaka saba kutengeneza filamu ya mzaha wa vyombo vya angani, Star Wreck: In the Pirkinning, na picha nyingi za kompyuta zilitengenezwa nyumbani kwa mmoja wao, Samuli Torssonen. Waliitoa bure kwenye intaneti mwaka 2005, kwa Kifini, na watu wa nje wakajitolea kuweka tafsiri chini ya picha. Kiswahili UNESCO inakihesabia wasemaji zaidi ya milioni 200, na tangu mwaka 2021 imekitengea siku yake, tarehe 7 Julai. Mfini hakuogopa, sisi tunaogopa nini?

Na anayehofia vifaa awatazame vijana wa Kaduna, Nigeria, wanaojiita The Critics Company. Walianza na simu iliyopasuka kioo na kitambaa cha kijani cha kutundika nyuma ya mwigizaji, umeme ukikatika na intaneti ikisuasua. Filamu yao ya dakika kumi iliwachukua miezi saba. Mwaka 2019 dunia ikawajua. Kilichowabeba zaidi ni subira.

Sasa nieleze yetu. Tuko watu saba, na muswada wa sehemu sita umekwisha andikwa. Kila sehemu ni dakika kumi, si zaidi, kwa sababu mtazamaji wa nyumbani analipia bando, na faili likiwa dogo litapita kwenye WhatsApp hadi kwa shangazi. Hadithi inatokea mwaka 2075, kwenye zahanati moja ya pwani, usiku mmoja, watu wanne. Zahanati ina mashine inayotengeneza dawa papo hapo, lakini kila dozi lazima iidhinishwe na kampuni iliyo nchi nyingine. Mtoto analetwa anaungua homa, mawasiliano yamekatika, mashine imejifunga. Dawa imo ndani, funguo ziko mbali. Nesi wa zamu afanye nini? Hatuhitaji roketi. Tunahitaji chumba kimoja, kitanda, sanduku lenye taa, na waigizaji wanaojua kunyamaza.

Nimeyapata wapi haya? Sikuyaota. Oktoba 2020 India na Afrika Kusini ziliomba Shirika la Biashara Duniani lisimamishe kwa muda hataza na haki nyingine zinazozuia nchi maskini kutengeneza chanjo na dawa za KOVIDI. Azimio likapatikana Juni 2022, na lilihusu chanjo peke yake. Katikati hapo ilikuwa karibu miaka miwili ya kuzika watu. Mwaka 2021 Umoja wa Afrika nao ukaweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2040 asilimia 60 ya chanjo zinazotumika Afrika ziwe zimetengenezwa Afrika. Maazimio hayo yameandikwa kwa lugha ya wanasheria. Bibi yangu hawezi kuyasoma, lakini akimwona nesi amesimama mbele ya sanduku lililofungwa na mtoto anatweta, ataelewa kila kitu, na ataanza kuuliza maswali.

Na maswali ndiyo yanayowasumbua wenye fedha. Kuna mfadhili mmoja, jina lake halihitajiki hapa, aliyekuwa tayari kulipia sehemu zote sita. Sharti lake lilikuwa dogo tu: zahanati isiwe chakavu, na mwishoni mheshimiwa atokee kuleta funguo. Tulimshukuru, tukakataa. Mheshimiwa akileta funguo, hadithi imekufa, na mtazamaji anafundishwa tena kukaa na kusubiri kuletewa. Ndiyo maana nimekuja kwenu.

Sisi manesi tunafundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Ukimpa mgonjwa dawa usiandike, ni kama hukumpa. Basi na kwenye kazi hii kila kitu kiandikwe kabla kamera haijawashwa: mwandishi ana haki gani, mwigizaji ana fungu gani siku ikipatikana fedha, nani anaweza kukubali au kukataa kuuza. Pendekezo letu ni kwamba tamthilia imilikiwe kwa pamoja na walioifanya, na isiuzwe bila theluthi mbili yao kukubali. Udugu ni mzuri, lakini udugu usio na karatasi huvunjika siku hundi ya kwanza inapofika.

Kuna na sheria. Mwenye viza ya mwanafunzi asichukue malipo ya kuigiza kabla ya kupata ushauri, maana masharti ya viza hiyo hapa Uingereza yanakataza kazi za burudani. Picha chache tunazozitaka za pwani ya Tanzania zitahitaji kibali cha Bodi ya Filamu. Tena mwaka 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni, ambazo leseni yake na ada ya kuomba zilifika shilingi milioni mbili na laki moja. Kanuni hizo zimebadilishwa mwaka 2020 na 2022, kwa hiyo ndugu aliye nyumbani anayetaka kurusha kazi za namna hii asome zinazotumika sasa, asisikilize maneno ya kijiweni. Sisi tutarusha kutoka huku, lakini hatutaki mwenzetu aumie kwa ajili yetu.

Ninaomba nini basi? Kwa sehemu ya kwanza tunahitaji pauni 1,800. Fedha nyingi zitaenda kwenye sauti, maana mtazamaji husamehe picha yenye giza lakini hasamehi mazungumzo yasiyosikika. Zinazobaki ni za taa, nauli na chakula cha watu watakaofanya kazi siku nne. Jamii hii hukusanya zaidi ya hizo kwa harusi moja, na kwa msiba, kusafirisha maiti, hukusanya kwa wiki moja. Sisemi tuache harusi wala tuache kuzikana. Nasema tunajua kuchangishana, na huo ndio ujuzi ambao Pioneer One walihitaji, nasi tumeurithi kwa mama zetu na upatu wao.

Asiye na fedha anayo sauti. Katika hadithi yumo mzee wa Unguja, mama wa Kikongo wa Bukavu, kijana wa Mombasa na nesi wa Bukoba, na kila mmoja azungumze Kiswahili cha kwao bila kusahihishwa. Fundi umeme tunamhitaji, fundi wa kushona sare za mwaka 2075 tunamhitaji, na wewe unayebeba boksi usiku kwenye bohari, pengine unajua ni lini ghala liko tupu tukapiga picha.

Ndugu zangu, watoto wetu waliozaliwa huku wanaijua kesho kwa Kiingereza. Wakifikiria mwaka 2075 wanaona majengo ya kioo na hakuna hata mtu mmoja humo anayesema "pole". Nyumbani nako kesho inaandikwa na wataalamu wa miradi, kwenye makaratasi yenye malengo na asilimia. Mimi nataka kesho moja, hata ya dakika sitini tu, iliyoandikwa na Waswahili, ikalipiwa na Waswahili, na ambayo hakuna mtu anayeweza kutufungia funguo zake.

Daftari la michango liko kwa mweka hazina wetu, limekaguliwa, na kila pauni itaandikwa. Muswada uko hapa mezani, usomeni, mkosoe.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.