Homa Baada ya Kemo: Tiba ya Saratani, Chembe za Kinga na Wajibu Wetu Hapa Shabunda



Vituo vya afya vya zoni zetu za Shabunda, Lulingu, Kalole na Mulungu havitoi kemo. Mgonjwa wa saratani hupelekwa Bukavu, na mwenye uwezo huvuka mpaka hadi Butaro, Rwanda, au Kampala. Lakini dawa ikishaingia mwilini, kazi yake haiishii pale ilipotundikwa dripu. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe za damu hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, na siku hizo mgonjwa aliyeishiwa pesa za kukaa mjini huenda yuko nyumbani, kijijini msituni. Akipata homa, wa kwanza kumwona ni muuguzi wa kituo. Ndiyo maana nawaletea mada hii, waganga, wauguzi na wenzangu wa maabara.

Kemo nyingi huua chembe zinazogawanyika upesi. Saratani hugawanyika upesi, na uboho wa mifupa vilevile, maana kila siku hutengeneza mabilioni ya neutrofili, askari wa kwanza dhidi ya bakteria. Neutrofili hazidumu katika damu. Uboho ukisimama, akiba huisha baada ya siku chache. Kwamba kemikali zinaweza kuusimamisha uboho kulijulikana hata kabla ya kemo kuwepo. Mwaka 1919, Edward na Helen Krumbhaar wa Marekani waliandika jinsi gesi ya haradali ya Vita Kuu ya Kwanza ilivyoteketeza chembe nyeupe za askari. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, kemikali ya ukoo wa gesi hiyo ikatumiwa kutibu limfoma. Basi kuua chembe za kinga si bahati mbaya ya kemo, ndiko ilikozaliwa.

Limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, zina mkondo wake. Mionzi huziua hata kwa kipimo kidogo, steroidi huzipunguza, na rituximabu hufuta limfosaiti B kwa miezi sita au zaidi. Neutrofili hurudi baada ya wiki chache, lakini limfosaiti T za mtu mzima huweza kuchukua miezi mingi, kwa kuwa tezi ya thimasi, zinamokomaa, imekwisha kunywea. Kwa hiyo mtu aliyemaliza dawa, nywele zimeota, anakula vizuri, bado anaweza kuibukiwa na kifua kikuu, hepatitisi B au mkanda wa jeshi. Na kuna mnyoo strongiloidi, unaoingia kupitia ngozi ya nyayo. Mchimbaji wa dhahabu kando ya Ulindi, anayekanyaga tope peku, anaweza kuubeba miaka mingi bila dalili. Akipewa steroidi za limfoma, mnyoo huzaana na kusambaa mwilini hadi kumwua. Ivermektini inautibu, ila pimeni kwanza mnyoo mwingine, loa loa, kwa sababu wenye mikrofilaria nyingi za loa loa hudhurika vibaya na dawa hiyo.

Tiba hizi hazibomoi kinga tu; wakati mwingine huiamsha. Hapa Afrika Mashariki tuna ushahidi wa zamani. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa saratani kwenye taya za watoto wa Uganda. Alipoanza kutumia dawa, baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache ambazo hazikutarajiwa kutosha, na wengi wakafikiri kwamba kinga ya mtoto mwenyewe ilimalizia kazi. Siku hizi tunajua kuwa dawa kama doksorubisini huua chembe ya saratani kwa namna inayoziamsha limfosaiti. Mwaka 2018, mwaka uleule Dkt. Mukwege wetu wa hospitali ya Panzi, Bukavu, alipopewa Nobel ya Amani, ile ya tiba walipewa James Allison na Tasuku Honjo kwa kuonyesha namna ya kuzifungulia breki limfosaiti T. Bei ya dawa zinazofanya hivyo bado iko mbali sana na sisi.

Sasa turudi kwenye homa. Usaha kwa sehemu kubwa ni neutrofili zilizokufa. Asiye nazo hatoi usaha: koo huonekana safi, kidonda hakivimbi, picha ya mapafu haina doa, huku bakteria wamejaa damuni. Mara nyingi homa ndiyo dalili pekee. Ikifika 38.3 mara moja, au ikakaa 38 kwa saa nzima, antibiotiki ya mshipa iingie ndani ya dakika 60. Msitangulize parasetamoli na kungoja. Msipime joto wala kuweka dawa yoyote kwenye njia ya haja kubwa, maana utando huo ukichanika bakteria hupita.

Mtasema: hapa kila homa ni malaria. Pimeni malaria, na ikiwepo itibuni. Ila kipimo chanya hakiondoi maambukizi mengine, kwani watu wengi wa kwetu hubeba vimelea bila kuugua. Wenzangu wa maabara, angalieni hesabu pia. Idadi ya vimelea mnaikokotoa mkichukulia chembe nyeupe ni 8,000 kwa mikrolita ya damu. Mgonjwa wa kemo akiwa na 1,000, jibu lenu litazidi ukweli mara nane.

Kuhesabu neutrofili hakuhitaji mashine. Majimaji ya Türk na chemba ya Neubauer hutupa jumla. Utandazo mwembamba uliopakwa Giemsa, ileile ya malaria, hutupa aina. Hesabuni chembe nyeupe 100. Jumla ikiwa 2,000, na kati ya 100 hizo 20 ni neutrofili, mgonjwa ana 400. Chini ya 500 ni hatari kubwa.

Waganga wakuu wa zoni, ombi langu kwenu ni hili. Kila anayerudi kutoka tiba ya saratani awe na karatasi yenye jina la dawa na tarehe ya dozi ya mwisho, na kila kituo kitunze dozi ya kwanza ya seftriaksoni na gentamisini kwa ajili yake. Mgonjwa mwenye neutrofili 400 hawezi kuingojea barabara ya Burhale hadi Bukavu.