NJIA YA MIGUU NA NJIA YA PIKIPIKI

(Mazungumzo ya Kamati ya Njia, yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa ushirika. Yanabandikwa hapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika.)



Mlitutuma tuzitembelee njia zetu za mlimani kisha tulete taarifa. Tumezitembelea zote kwa miguu, za kwenda shuleni, za kwenda chemchemi, na ile inayopanda hadi ukingo wa msitu. Tumeongea na wanaozipita. Sasa tunasema tuliyoyaona, na mwisho tunatoa mapendekezo. Kukubali au kukataa ni juu yenu.

Kwanza, njia hizi ni za nani? Ni za wote. Asubuhi wanapita watoto wa shule. Wanafuata akina mama wenye matenga ya nyanya na viroba vya karoti kichwani. Anapita mzee na mbuzi wake. Wanapita wageni wenye mabegi mgongoni, wale wanaotoka Lushoto mjini kwenda Mtae kwa siku kadhaa, na siku hizi wengine wanakuja na baiskeli za mlimani. Na katikati ya hao wote inapita pikipiki.

Tuseme wazi: hatukuja hapa kuitukana pikipiki. Kabla ya bodaboda kuenea, kabichi zetu zilishuka barabarani kwa vichwa vya mama zetu, na mgonjwa alibebwa kwenye machela na vijana wanne. Leo simu moja tu, mtu yuko hospitali. Waendeshaji wenyewe ni watoto wetu, na hela wanazopata zinanunua unga katika nyumba zetu hizi hizi. Mtu akisema eti tuzifukuze zote, hajafikiri.

Lakini jamani, mlima unaharibika. Twendeni polepole hapa, maana ndipo penye kiini cha shauri.

Pikipiki tupu, bila mtu wala mzigo, inapita kilo 100. Ongeza dereva, ongeza viroba viwili. Uzito wote huo unakanyaga mahali pawili tu, panapotosha kiganja. Ikipanda, tairi la nyuma linazunguka pale pale na kuchimba. Ikishuka, dereva anafunga breki na tairi linaburuza udongo. Mguu wa mtu unaacha alama moja moja, hapa na pale. Tairi linaacha mstari mmoja usiokatika kutoka juu hadi chini. Mvua ikinyesha, maji yanataka nini zaidi? Yamekwisha pata mfereji. Masika ya kwanza mfereji unaingia kiatu, masika ya pili unaingia goti. Ukifika hapo, pikipiki yenyewe haipiti tena. Dereva anahamia pembeni na kufungua njia mpya ndani ya shamba la mtu.

Tumeona mahali ambapo mawe yaliyopangwa kwa mshazari ili kuyatoa maji njiani yameng'olewa kabisa. Tumeona matuta mawili yaliyokatika, na majani ya guatemala yaliyoshika kingo zake yamefukiwa na tope. Majani hayo wengi wetu tuliyapanda tangu mradi wa SECAP ulipokuja Lushoto mwanzoni mwa miaka ya 1980. Udongo wa juu ukishuka bondeni, hakuna gari la kuurudisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na udongo hauna hata ukuta wa kujenga.

Pili, kuna hatari kwa watu. Njia zetu nyingi juu kuna ukuta wa udongo, chini kuna tuta. Mama mwenye tenga kichwani hawezi kugeuza shingo, wala hawezi kuruka. Mtoto akisikia honi anakimbia mbele badala ya kusimama. Na pikipiki inayoshuka imezimwa injini ili kuokoa mafuta haisikiki kabisa.

Tatu, wageni. Hao huja kwa ajili ya miguu yao na utulivu wa msitu. Wakilala kwetu, wakila chakula chetu na kumlipa kijana wetu awaongoze, fedha inabaki kijijini. Wakifukuzwa njiani na honi na moshi, mwakani watapitia kijiji kingine.

Wala shida hii si yetu peke yetu. Marekani, mwaka 1972, Rais Nixon alitoa amri kwamba katika ardhi ya serikali kuu vyombo vya injini vya kupita porini vipangiwe maeneo na njia zake, ili ardhi ihifadhiwe na watumiaji wasigombane. Na huko kwenye njia za pamoja kuna desturi: mwenye baiskeli anampisha mwenye miguu, na mwenye pikipiki anawapisha wote. Sababu yake ni nyepesi. Anayeweza kuumiza ndiye anayetakiwa kusimama.

Basi, mapendekezo yetu ni haya:

1. Njia pana ya mgongoni mwa mlima, kutoka ghalani hadi barabara ya magari, iwe ya pikipiki na watu. Tuitengeneze kwa msaragambo, tupange mawe, tutoe maji.

2. Njia ya shule, njia ya chemchemi na njia ya kupanda msituni ziwe za miguu na baiskeli tu. Mizigo ya huko ishushwe kwa miguu hadi njia ya mgongoni.

3. Mvua kubwa ikinyesha, pikipiki isipite njia ya udongo mpaka ikauke.

4. Mahali pembamba dereva asimame, watu wapite kwanza. Kushuka injini ikiwa imezimwa ni marufuku. Mishikaki vilevile.

5. Mgonjwa au mama mjamzito hafungiwi njia yoyote, saa yoyote.

Mtu atauliza: kwa nini tusiweke faini kali leo leo, mambo yakaisha? Wazee wanajua jibu. Miaka ya 1950 mkoloni aliwalazimisha watu wa milima hii kuchimba matuta, na watu walikataa. Kazi yenyewe ilikuwa na maana, ila amri ilitoka juu na haikumuuliza mwenye jembe. Sisi hatutaki kuwafanyia vijana wetu vilevile. Ndiyo maana tunaomba madereva wachague watu wao wawili waingie kwenye kamati hii kabla ya jambo lolote kupitishwa.

Tukikubaliana, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inairuhusu Halmashauri ya Kijiji kutunga sheria ndogo. Itajadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha itapelekwa wilayani ikaidhinishwe. Hapo ndipo faini itakuwa na nguvu, tena itakuwa faini tuliyoipanga wenyewe.

Ndugu madereva, mkutano huo msiukwepe. Mkikaa kimya, njia zitapangwa na watu wasiojua bei ya petroli. Nanyi wenye mashamba njoeni, maana matuta ni yenu. Akina mama njoeni zaidi ya wote, kwa kuwa hakuna anayezipita njia hizi mara nyingi kuwazidi.



Kamati ya Njia